Marc Chagall, Mchoraji Aliyejifunza Kazi ya Vioo Uzeeni



Mwaka uliopita mwalimu wetu wa historia alitupa kazi: kila mmoja aandike habari za mgeni aliyefia karibu na nchi yetu. Mimi nilipata Bwana Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambaye ndege yake ilianguka usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka, katika nchi iitwayo siku hizi Zambia. Alikuwa akienda kuonana na Bwana Moïse Tshombe ili mapigano ya Katanga yakome. Walikufa watu 16, yeye akiwa mmoja wao.

Nilipokuwa nikitafuta habari hizo katika maktaba yetu, nilifunua ukurasa mmoja nikaona picha ya dirisha kubwa, lote buluu, ndani yake mna maua, watu, na mtoto anayebusiwa na uso kama wa malaika. Chini yake iliandikwa kwamba dirisha hilo limo katika nyumba ya Umoja wa Mataifa mjini New York, ni ukumbusho wa wale 16 waliokufa, na aliyelifanya ni Marc Chagall. Kazi ya historia niliimaliza na kuipeleka, lakini dirisha lile halikunitoka moyoni. Nikataka kujua ni mtu gani huyu aliyewafanyia ukumbusho mzuri namna hii watu waliofia katika misitu ya jirani zetu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Chagall alizaliwa tarehe 7 Julai 1887, upande wa Vitebsk, mji uliokuwa siku zile chini ya mfalme wa Urusi, na siku hizi umo katika nchi ya Belarus. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wacha Mungu na wenye mali kidogo. Baba yake alikuwa kibarua katika ghala la samaki wa chumvi, akibeba mapipa mazito mchana kutwa, na mama yake alikuwa na duka dogo nyumbani. Watoto walikuwa tisa, naye Marc ndiye kifungua mimba.

Wayahudi wa siku zile hawakuruhusiwa kukaa popote walipotaka, wala shule za serikali hazikuwapokea watoto wao kwa wepesi. Mama yake alikuwa mwanamke shupavu. Alimchukua mwanawe kwa mkono, akaenda kwa mwalimu, akamtilia rubo 50 mkononi, mtoto akaingia darasani. Sisemi kwamba kutoa mlungula ni jambo jema. Lakini mlango uliofungwa kwa mtu kwa sababu ya kabila lake na dini yake ni mlango mbaya, na mama huyo hakujua njia nyingine ya kuufungua.

Huko shuleni siku moja Marc alimwona mwenzake akinakili picha kutoka katika kitabu. Akashangaa kama aliyeona mwujiza. Akamwuliza jinsi ya kufanya, naye yule mwenzake akamcheka, akamwambia aende maktaba, achague picha yoyote, ainakili. Akaenda, na tangu siku hiyo hakuacha kuchora. Kwao hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuchora ni kazi ya kumlisha mtu. Hata hivyo mama yake alifuatana naye mpaka kwa Bwana Yehuda Pen, mchoraji aliyekuwa na shule ndogo mjini, kumwuliza kama mtoto ana kipaji. Karo ilikuwa rubo tano kwa mwezi. Baba alizitoa kwa hasira, akazitupa chini, mtoto akaziokota, akakimbia nazo darasani.

Baadaye alikwenda St. Petersburg, mji mkuu wa mfalme. Myahudi hakuweza kukaa humo bila kibali, naye akapata kutiwa gerezani kwa kosa hilo. Alitoka, akaendelea kusoma. Mwaka 1911, kwa msaada wa mwanasheria mmoja aliyeitwa Maxim Vinaver, aliyempa fedha za kula kila mwezi, akafika Paris.

Huko Paris alikaa katika nyumba iliyoitwa Mzinga wa Nyuki, kwa sababu ilikuwa ya mviringo na vyumba vyake vilikuwa vidogo kama vijumba vya nyuki. Ilijaa wachoraji na wachongaji kutoka nchi nyingi, wote wana njaa. Alipokosa fedha za kununua turubai, Chagall alichora juu ya vitambaa vya meza na mashuka. Ajabu ni kwamba alipokuwa mbali na kwao ndipo alipochora habari za kwao: ng'ombe, nyumba za mbao, mpiga fidla juu ya paa, na watu wanaoruka angani juu ya mji wa Vitebsk. Wengine walimcheka. Yeye hakubadili.

Mwaka 1914 alirudi nyumbani kwa matembezi tu, vita kuu vikamfungia njia. Mwaka 1915 akamwoa Bella Rosenfeld, binti wa mwuza vito, aliyekuwa akimpenda tangu zamani. Mwaka wa pili wakapata mtoto wa kike, Ida.

Yalipotokea mapinduzi ya Urusi mwaka 1917, Wayahudi walipewa haki sawa na raia wengine. Mwaka 1918 Chagall akafanywa mkuu wa mambo ya sanaa katika Vitebsk. Fikirini: kijana wa mbeba mapipa, aliyeingia shule kwa mlango wa nyuma, sasa ndiye mwenye amri ya picha zote za mji! Akasema moyoni kwamba picha zisikae katika nyumba za matajiri peke yake. Ilipokaribia Novemba 1918, sikukuu ya mwaka mmoja wa mapinduzi, aliwakusanya wapaka rangi wa nyumba na wachora vibao vya maduka, akawapa michoro yake midogo, wakaikuza juu ya vitambaa vikubwa. Siku ya sikukuu mji mzima ulipambwa kwa ng'ombe wa kijani na farasi wanaoruka. Watu wa kawaida walifurahi. Wakubwa wa chama walikunja uso, wakataka kuelezwa ng'ombe huyo amekuwaje kijani, na ana habari gani na Marx na Lenin.

Kisha Chagall akafungua shule ya sanaa kwa watoto wa watu wa kawaida, akawaita walimu wazuri kutoka miji mikubwa. Mmoja wa wale waliokuja ni Kazimir Malevich, ambaye hakuchora ng'ombe wala watu, bali miraba na duara tu, akiamini kwamba hiyo ndiyo sanaa ya siku zijazo. Wanafunzi walimpenda, wakamfuata mmoja mmoja, mpaka mwenye shule akabaki karibu peke yake. Mwaka 1920 Chagall akaondoka Vitebsk na mke wake na mtoto. Kwa maoni yangu hili ndilo lililomwuma sana katika ujana wake, maana hakushindwa na adui bali na wanafunzi wake mwenyewe, katika shule aliyoijenga, katika mji aliozaliwa.

Huko Moscow alichora kuta za ukumbi wa michezo ya Kiyahudi, na kwa muda akafundisha kuchora watoto yatima wa vita. Mwaka 1922 alitoka Urusi, na mwaka 1923 akarudi Ufaransa. Akapata jina, akapata na uraia mwaka 1937. Ilionekana kwamba taabu zimekwisha.

Hazikuwa zimekwisha. Mwaka 1940 Wajerumani waliishinda Ufaransa, na Wayahudi wakaanza kuwindwa. Mwaka 1941 Chagall alikamatwa na polisi mjini Marseille, akaokolewa na Mmarekani mmoja, Varian Fry, aliyekuwa kazini kuwatoa watu wa namna hiyo katika hatari. Mwezi wa Juni mwaka huo akafika New York. Siku hizo hizo jeshi la Hitler liliingia Urusi. Vitebsk ukavunjwa, na Wayahudi waliobaki humo wakauawa. Mji aliouchora maisha yake yote ulibaki katika picha zake tu. Mwaka 1944 Bella naye akafa kwa ugonjwa wa ghafula. Chagall aligeuza picha zake zikatazama ukuta, na kwa miezi mingi hakushika burashi.

Wengi wangeishia hapo. Alikuwa na miaka 57, hana mke, hana mji, watu wake wameuawa kwa mamilioni. Lakini mwaka 1948 alirudi Ufaransa, na baada ya hapo ndipo alipoanza kazi iliyonifanya niandike habari hizi.

Katika mji wa Chartres, Ufaransa, kuna kanisa kuu ambalo madirisha yake ya rangi mengi yamekaa tangu miaka ya 1200. Mwaka 1952 Chagall alikwenda kuyatazama kama mwanafunzi atazamavyo ubao. Mwaka 1957, alipotimiza miaka 70, aliweka madirisha yake ya kwanza, mawili madogo, katika kanisa la Assy, milimani, karibu na mahali walipotibiwa wagonjwa wa kifua. Padre Couturier, Mdominiko, ndiye aliyewaita wasanii wakubwa wa siku zile wapambe kanisa hilo, bila kuuliza kwanza dini zao. Chagall alisita. Myahudi kupamba kanisa la Wakristo, tena baada ya mambo yaliyotendeka Ulaya? Alitaka shauri kwa viongozi wa dini yake, akafikiri, kisha akakubali. Akaandika katika ukuta wa kanisa hilo kwamba kazi ile ameifanya kwa ajili ya uhuru wa dini zote.

Mwaka 1958 alipata kazi kubwa zaidi, madirisha ya kanisa kuu la Metz. Hapo alitambua kwamba kujua kuchora si kujua kioo. Basi akaenda Reims, katika karakana ya ukoo wa Simon, mafundi wa vioo tangu miaka ya 1600, akajiweka mikononi mwa Bwana Charles Marq na mkewe Brigitte Simon. Marq alikuwa mdogo wake kwa zaidi ya miaka 30. Mzee yule, ambaye picha zake zilitundikwa katika majumba makubwa ya dunia, hakuona haya kumwuliza kijana. Wazee wetu husema kuuliza si ujinga.

Nadhani wenzangu watapenda kujua kazi hiyo inavyofanywa. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa kwa moto mkali. Rangi yake hutokana na madini yanayotiwa ndani wakati wa kuyeyusha: shaba huweza kutoa kijani au nyekundu, na buluu ile nzito hutokana na kobalti, madini ambayo sisi wa Katanga hatuna haja ya kuelezwa. Fundi hupokea mchoro mdogo wa msanii, akaukuza ukawa sawa na dirisha lenyewe. Huchagua vioo, akavikata kipande kipande kwa kufuata mchoro. Kisha msanii huchora juu ya vioo kwa rangi nyeusi ya unga wa kioo na madini, navyo hutiwa katika tanuru ili rangi ishikane na kioo isitoke tena kwa mvua wala jua. Mwishowe vipande vyote huunganishwa kwa vijiti vyembamba vya risasi vyenye mfereo pande mbili, na viungo vikalehemiwa.

Zamani kila rangi ilitaka kipande chake, na kila kipande kilizungukwa na risasi, hata picha ikajaa mistari myeusi. Marq aliongeza maarifa. Alitumia kioo cheupe kilichofunikwa ngozi nyembamba ya rangi, na ngozi hiyo akaila kwa asidi mahali alipotaka, kidogo au sana. Kwa hiyo kipande kimoja kiliweza kuwa na buluu nzito, buluu hafifu, na nyeupe, bila risasi katikati. Chagall naye alichora, akafuta kwa kitambaa, akakwaruza, mpaka kioo kikawa laini machoni kama wingu. Wala si kama picha ya ukutani, ambayo hupokea mwanga usoni. Dirisha hupitisha mwanga ndani yake, na asubuhi si lile la jioni.

Kazi yake ya kioo iliyojulikana kwanza duniani kote ni ile ya Jerusalem. Katika sinagogi la hospitali ya Hadassah aliweka madirisha 12, moja kwa kila kabila la wana wa Yakobo, nayo yakazinduliwa mwezi wa Februari 1962. Kwa kufuata desturi ya Wayahudi hakuchora mtu hata mmoja, bali wanyama, ndege, samaki, maua na nyota. Katika vita vya mwaka 1967 baadhi ya vioo hivyo vilivunjika. Mzee akavifanya upya.

Mwaka 1964 likafuata dirisha la New York, lile nililoanza nalo. Lina upana wa karibu meta 4.6 na urefu wa meta 3.7. Ni zawadi ya wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa pamoja na Chagall mwenyewe, nalo lilifunuliwa mwezi wa Septemba, miaka mitatu kamili baada ya ndege kuanguka. Bwana Hammarskjöld alipenda mno muziki wa Beethoven, hasa Simfonia ya Tisa, kwa hiyo mchoraji alitia ndani ya kioo alama za muziki huo. Mtu awezaye kufika New York huweza kulitazama. Sisi tuna Ndola karibu na dirisha mbali, wao wana dirisha karibu na Ndola mbali.

Mwaka huo huo alimaliza picha kubwa ya dari ya nyumba ya Opera mjini Paris, akiwa na miaka 77, akakataa malipo. Mwaka 1974 katika Chicago aliweka picha ya majira manne ya mwaka, iliyopangwa kwa vijiwe vya rangi, yenye urefu wa karibu meta 21. Haimo katika jumba la makumbusho. Ipo uwanjani, katikati ya mji, na karani aendaye kazini hupita mbele yake bila kulipa kitu. Kumbukeni ng'ombe wa kijani wa Vitebsk. Lile alilokatazwa kijana, mzee alilifanya.

Kuna kanisa dogo la shamba huko Tudeley, Uingereza. Msichana wa miaka 21, Sarah d'Avigdor-Goldsmid, alizama baharini mwaka 1963, na wazazi wake wakamwomba Chagall dirisha moja la kumkumbuka. Alipokuja kuliona likiwekwa, mwaka 1967, alilipenda kanisa lile hata akataka kuyafanya madirisha yote yaliyosalia. Yakawa 12, na ya mwisho yaliwekwa mwaka 1985.

Lakini lililo gumu kuliko yote ni lile la Mainz, Ujerumani. Padre mmoja wa huko, Klaus Mayer, alimwandikia mwaka 1973 akimwomba madirisha ya kanisa la Mtakatifu Stefano, lililokuwa limeharibiwa kwa mabomu ya vita. Mzee hakujibu upesi kwamba ndiyo, wala sidhani kuna mtu angemlaumu kama angekataa kabisa. Ujerumani ndiko ilikotoka amri ya kuwaua watu wake. Padre hakuchoka kumwomba. Mwishowe Chagall akakubali, ili iwe alama ya upatanisho wa Wayahudi na Wajerumani. Dirisha la kwanza liliwekwa mwaka 1978, naye ana miaka 91. Akafanya tisa, karibu yote buluu, na waingiao humo huona kama wamesimama chini ya maji matulivu.

Alikufa tarehe 28 Machi 1985, katika kijiji cha Saint-Paul-de-Vence kusini mwa Ufaransa, umri wake miaka 97. Bwana Marq, yule kijana aliyemfundisha, aliyamaliza madirisha yaliyobaki ya Mainz kwa michoro yake mwenyewe, akafika mwisho mwaka 2000.

Nami nina neno moja. Mimi nina miaka 19, na wengi wa darasa langu ni wadogo zangu, kwa kuwa nilikaa nyumbani miaka miwili kwa kukosa karo. Nilipokuwa nikirudi niliona haya kukaa dawati moja na mtoto wa miaka 14, tena anijulishe hesabu. Tangu nisome habari za mzee wa miaka 70 aliyekwenda karakanani kuuliza namna ya kukata kioo, haya hiyo imepungua.

Tena, mimi na wenzangu wawili tumejaribu. Tuliazima kisu cha kukatia vioo katika karakana ya useremala, tukakusanya chupa zilizovunjika na vioo vya madirisha ya zamani. Risasi hatuna, kwa hiyo tulishikanisha vipande kwa saruji. Tulivunja vingi kuliko tulivyokata, na mimi nina alama kidoleni. Kile tulichokipata ni kidogo kama daftari, vipande saba tu, nacho kimewekwa juu ya mlango wa maktaba. Kipande cha buluu ni cha chupa ya dawa. Saa moja na nusu asubuhi jua hukipiga, na buluu hiyo huanguka sakafuni mbele ya meza ya magazeti, ikakaa kama dakika ishirini.

Rangi nyekundu bado hatujapata. Ndugu zetu wa zamani, mkiwa na chupa nyekundu iliyovunjika, msiitupe. Mkija sikukuu ya shule, tuleteeni.